Kiberenge na Kasha la Gavana

"Baruti!"

Hilo ndilo neno la mwisho tulilolisikia juma lililopita, likitoka kinywani mwa Kapteni Masharubu. Tangu siku hiyo sina raha barabarani. Muuza maziwa amegoma kunipimia mpaka nimwambie kama Kiberenge yu hai. Mwenye nyumba wangu amenigongea mlango, na si kwa ajili ya kodi. Nimenyamaza juma zima. Leo nasema.

Lakini huenda uko wewe uliyefungiwa sabuni kwa gazeti hili na hujui tunamlilia nani. Nawe njoo, hatukuachi nyuma.

Enzi zile za taa za mafuta na bunduki za gobori, katika mji uliokaa juu ya kilima kama kofia, alikuwepo fundi mmoja wa makufuli. Miguu yake haikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Ilikuja naye duniani kama wageni, ikakaa kama wageni, bila kusaidia chochote. Basi akajitengenezea kigari cha ubao chenye magurudumu ya chuma, akawa anakaa juu yake na kujisukuma kwa vipande viwili vya mbao, kimoja kila mkono. Kwa jinsi alivyokuwa akikatiza mitaa, mji mzima ukamwita Kiberenge, kama vile vigari vya mafundi wa reli. Mikono yake sasa! Unene wa mikono ile ungemtosha mtu mwingine kuwa na mapaja.

Dada yake mkubwa alikuwa mpiga chapa, mwenye gazeti dogo na ulimi mrefu. Siku moja aliuliza swali gazetini: "Kwa nini mbwa wa Gavana anambwekea Gavana?" Mji ulicheka mpaka ukashika mbavu. Gavana hakucheka. Jioni ile ile dada akatupwa ngomeni.

Kiberenge naye alikuwa akimalizia kazi ya Gavana huyo huyo, kasha kubwa la chuma la kuwekea nishani. Akaona hii ndiyo njia. Kigari akampa shangazi yake, dobi wa ngomeni, akifiche kwenye kapu la nguo. Yeye akajikunja ndani ya kasha, akajifungia, ufunguo akautia mfukoni. Wapagazi wakalibeba kasha hadi ndani kabisa ya ngome, wakilalamika kwamba chuma cha siku hizi kizito. Mpango ulikuwa rahisi: kasha liwekwe, watu watoke, naye atoke.

Watu hawakutoka.

"Baruti, Mheshimiwa," alirudia Kapteni Masharubu. "Ufunguo haupo, na wageni wako wanakuja mchana huu kuziona nishani zimepangwa ndani yake. Namimina kidogo kwenye tundu la ufunguo, nawasha, puu! Kasha liko wazi."

"Na kasha langu litakuwaje?" aliuliza Gavana.

"Litabaki kasha, Mheshimiwa. Lenye tundu kubwa zaidi."

Ndani, Kiberenge alikuwa amekunjwa kama shati. Miguu yake, ile ambayo watu waliihurumia, ilikuwa imepangwa kwa adabu chini ya kidevu chake, mahali ambapo miguu ya askari yeyote ingekataa kukaa. Alisikia kila neno.

"Mpumbavu wewe!" Gavana aling'aka. "Aliyelitengeneza si yupo? Mwiteni Kiberenge aje alifungue!"

Kiberenge nusura aitike.

"Nimetoka kwake sasa hivi, Mheshimiwa," sauti ya askari ikajibu. "Duka limefungwa. Majirani wanasema ametoka, amepata kazi."

"Kazi gani?"

"Hawajui vizuri. Wanasema kazi ya ndani."

Kisha Gavana akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoshwa na dunia.

"Haya. Mimina."

Baruti ikaanza kuingia. Kiberenge aliisikia ikichuruzika kwenye kufuli kama mchanga, akainusa, na jasho likamtoka mpaka kwenye nyayo, ambazo hazikuwa na habari. Afungue kwa ndani? Angekutana na gobori uso kwa uso. Apige kelele? Angekutana na gobori hizo hizo, ila na maswali kwanza.

"Imejaa?" aliuliza Gavana kutoka mbali. Alikuwa amejificha nyuma ya pazia.

"Ngoja nichungulie," alisema Kapteni.

Akainama. Jicho lake likaja kwenye tundu. Masharubu yake, marefu, meusi, yaliyopakwa mafuta asubuhi na jioni tangu alipokuwa kuruta, yakaning'inia kila upande wa tundu kama mapazia. Na kwa kuwa Kapteni alikuwa mtu wa haraka, kiberiti alikuwa ameshakiwasha. Alikishika mkononi, pembeni kidogo ya shavu lake.

Kiberenge akaweka mdomo kwenye tundu kwa ndani. Mapafu yale yalizoea kupanda kilima kila siku na mzigo wa vyuma mgongoni. Akavuta hewa yote iliyokuwa imebaki ndani ya kasha.

Akapuliza.

Baruti ikarudi ilikotoka, na zaidi. Ikamwagikia Kapteni usoni, ikajaa kwenye masharubu, ikakutana na kiberiti. Ikalia fwaaa! Na kilichowaka hakikuwa kasha.

"Nawaka!" alipiga ukelele Kapteni. "Jamani, masharubu yangu!"

"Usiniharibie zulia!" Gavana naye akapiga ukelele nyuma ya pazia.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Shangazi Dobi akaingia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, kapu la nguo kichwani, ndoo ya maji ya sabuni mkononi. Hakuuliza. Akammwagia Kapteni ndoo nzima, kuanzia kichwani.

"Pole, afande. Nilete nyingine?"

Mdomo wa Kapteni ulikuwa umejaa povu. Alivua koti, akatupa mkanda, akakimbilia kisimani akiwa ameshika nusu ya masharubu iliyobaki. Askari wakamfuata, wengine kumsaidia, wengine kwenda kucheka mahali pa faragha. Gavana akatoka nyuma ya pazia akikohoa moshi, akafuata, akitukana baruti, kasha na siku aliyozaliwa Kapteni.

Shangazi akasukuma mlango kwa kiuno, akaligonga kasha kwa kifundo cha kidole.

"Mwanangu, umeiva?"

"Upande mmoja, shangazi," sauti ikajibu ndani. "Nilikuwa nangoja kugeuzwa."

Kufuli likalia kwaa, mlango wa kasha ukafunguka, na Kiberenge akajimwaga sakafuni, mweusi kwa masizi, meno nje. Shangazi alikuwa ameshakitoa kigari chini ya mashuka. Akampandisha, au tuseme alijaribu kumpandisha, maana Kiberenge alijirusha mwenyewe kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ukiokota kitu pale zuliani.

Mkanda wa Kapteni. Na kwenye mkanda, funguo za ngome nzima zikining'inia kama zabibu.

"Shangazi," alisema Kiberenge kwa upole, "leo wametuandalia."

Wakafunga matambara kwenye magurudumu yasipige kelele. Wakashika ukumbi wa chini, ule wa mahabusu, Shangazi mbele, kapu kichwani na ndoo mkononi, akiimba kwa sauti ya kazini ili mtu yeyote akimsikia aseme ni yule dobi tu. Mlango wa mwisho. Ufunguo wa kwanza, siyo. Wa pili ukaingia kama unarudi nyumbani.

"Dada!" Kiberenge aliita kabla mlango haujafunguka sawasawa. "Dada, ni mimi!"

Hakuwa dada.

Juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umenyooka kama yuko kwenye kiti cha enzi, alikaa mama mmoja mwenye gauni la hariri lililochanika bega. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Mimi si dada wa mtu," alisema. "Lakini kama mmekuja kufungua, fungueni. Sichagui."

Ndoo ya Shangazi ikamponyoka. "Lahaula! Bibi Gavana!"

Ndiyo, msomaji. Mke wa Gavana! Yule ambaye mji mzima uliambiwa amekwenda kumtembelea mama yake mzazi.

"Mama yangu alishafariki," alisema Bibi Gavana, akisimama na kujipangusa vumbi. "Nilimzika mbele ya mji mzima. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuuliza."

"Bibi, samahani, dada yangu yuko wapi? Mpiga chapa!"

"Yule wa gazeti? Tulikuwa tukizungumza kwa kugonga ukuta. Wamemtoa asubuhi hii. Anapakiwa kwenye garimoshi la machimbo ya chumvi."

Shangazi akajishika kifua. Kila mtu mjini alijua habari za machimbo yale. Watu walikwenda. Habari za kurudi hakuna aliyewahi kuzisikia.

"Na usimlaumu kwa swali lake," Bibi Gavana aliendelea, sasa akiongea haraka. "Lilikuwa na jibu. Mbwa anabweka kwa sababu yule mtu si bwana wake. Yule si mume wangu!"

"Unasema?"

"Mume wangu aliugua homa. Siku kadhaa hakuruhusu mtu chumbani isipokuwa kinyozi wake. Aliyetoka chumbani alikuwa na ndevu za mume wangu, nguo za mume wangu, kikohozi cha mume wangu. Lakini mimi nimeishi na mume wangu. Na kinyozi tangu siku ile hajaonekana. Hesabu mwenyewe, fundi."

"Kinyozi!" Shangazi alinong'ona. "Na mimi ninamfulia makoti!"

Mbali, chini ya kilima, kengele ya stesheni ikalia. Karibu, juu ya ngazi, viatu vya askari vikalia pia.

"Mlango wa kasha uko wazi!" ilikuwa sauti ya Kapteni, imepwaya kidogo kwa sabuni. "Kulikuwa na mtu ndani! Funguo zangu! Funga lango!"

"Nendeni," alisema Shangazi.

"Na wewe?"

"Mimi nina mashuka ya kuanika."

Akakung'uta shuka la kwanza, bichi, zito, akalifunga kutoka nguzo hadi nguzo katikati ya ukumbi. Akafunga la pili. Askari walipokuja mbio walikuta ukuta mweupe, wakaingia nao, wakatoka upande wa pili wamefungwa kama watoto wachanga, wakigongana vichwa, huku Shangazi akilia kwa uchungu: "Jamani, nimefua tangu alfajiri! Mnanionea kwa sababu mimi ni mjane!" Hajawahi kuolewa.

Nje ya lango dogo la nyuma, barabara ya mawe ilishuka kilima moja kwa moja mpaka stesheni. Kiberenge akang'oa matambara kwenye magurudumu.

"Panda, Bibi."

"Wapi?"

"Nyuma yangu. Shika popote isipokuwa macho."

Bibi Gavana, aliyezoea gari la farasi lenye mito, alikitazama kile kipande cha ubao. Akatazama lango, ambako shuka moja lilikuwa likitukana. Akakunja gauni, akakaa, akamkumbatia fundi kiunoni.

"Hili jambo tusilisimulie," alisema.

Kiberenge akasukuma mara moja.

Mara moja tu! Kilima kilifanya kazi iliyobaki. Magurudumu yakaanza kuimba, mwanzo kwa chini, kisha kwa juu, kisha kwa sauti ambayo mbwa wote wa mtaa waliijibu. Maduka yakapita kama kurasa zinazofunuliwa na upepo. Fundi viatu akainua kichwa na misumari mdomoni, akaimeza salamu. Mtu aliyekuwa akivuka na kioo kikubwa aliona kichwa cha Kiberenge kikimjia kutoka pande mbili, akachagua kukaa chini.

"Kushoto!" alipiga kelele Bibi Gavana.

"Kushoto kuna ukuta!"

"Basi kulia!"

"Kulia kuna farasi!"

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Katikati, Bibi! Ila katikati nako kuna bendi!"

Kweli. Bendi ya jeshi ilikuwa ikipanda kilima, imejaa barabara nzima, ikifanya mazoezi ya kuwapokea wageni wa Gavana. Mbele mpiga ngoma kubwa, mtu mfupi asiyeweza kuona chochote juu ya ngoma yake. Kiberenge akajikunja mpaka kidevu kikagusa ubao, Bibi Gavana akamlalia mgongoni, wakapita chini ya tarumbeta ya kwanza, katikati ya miguu ya mpigaji wa pili, na njiani bega la Bibi lilikuwa limeigusa ngoma. Kidogo tu.

Ngoma ikakatika mkanda. Ikaanguka. Ikafikiria. Ikaanza kuviringika, na kwa kuwa farasi mmoja wa bendi aliipiga teke kwa hofu, ikaviringika kupanda juu, ikakutana na Kapteni Masharubu na wapanda farasi wake waliokuwa wakishuka mbio. Dum! Farasi wa Kapteni akakaa kitako kama mbwa. Kapteni akaendelea na safari bila farasi, akaingia ndani ya ngoma kichwa kwanza, na hapo ngoma ikakumbuka kwamba njia ya kilima ni ya kushuka.

Nyuma ya Kiberenge kukasikika kicheko. Alidhani Bibi Gavana amepatwa na kichaa cha hofu, akageuza shingo. Mama yule alikuwa ameachia kiuno chake, mikono yote miwili juu, nywele zimefumuka, machozi ya upepo yakimtoka, anacheka kama msichana kwenye pembea.

"Fundi!" alipaza sauti. "Maisha yangu yote nimebebwa polepole!"

Wakaingia stesheni kwa kasi hiyo hiyo, wakavuka ukumbi wa tiketi, wakasimamishwa na rundo la magunia ya pamba. Kiberenge akatoa kichwa kwenye gunia.

Reli ilikuwa tupu. Moshi ulikuwa bado unaning'inia juu yake.

Garimoshi limeondoka.

Kwa mara ya kwanza siku ile uso wa Kiberenge ukaanguka. Aliona kule mbele behewa la mwisho likipinda kona, likianza kupanda mlima wa pili. Akapiga ngumi pembeni yake. Ngumi ikagonga chuma. Akaangalia alichokigonga.

Juu ya reli ya pembeni kilikuwa kimesimama kigari cha mafundi wa njia, chenye mpini mrefu katikati, ule wa kusukumwa juu na chini na watu wawili, huyu akishusha huyu akipandisha. Hakihitaji mvuke. Hakihitaji makaa. Na miguu, jamani, hakihitaji kabisa. Kinahitaji mikono.

"Bibi," alisema Kiberenge polepole, "umewahi kusukuma kitu?"

"Nimewahi kusukumwa."

"Leo utabadilisha."

Msimamizi wa stesheni akaja mbio, kofia imekaa upande. "Shukeni hapo! Hiyo ni mali ya reli! Nyinyi ni nani?"

"Mimi ni mke wa Gavana," alisema Bibi, mabonge ya pamba kichwani.

"Na huyu?"

"Kiberenge."

"Naona kwamba ni kiberenge, mama! Kila siku nakiona! Nauliza, huyu aliyekaa juu yake ni nani?"

"Kiberenge!"

Msimamizi alikuwa bado anafikiria jibu hilo walipomwacha.

Ah, mngemwona Kiberenge siku ile! Kigari chake kimefungwa mgongoni kwa kamba, shati limepasuka mabegani, mpini unakwenda juu chini, juu chini, mpaka hauonekani. Upande wa pili Bibi Gavana aliuning'inilia kwa uzito wake wote, ukishuka anashuka nao, ukipanda anarushwa hewani, gauni likipepea kama bendera. Garimoshi lilikuwa na mabehewa mengi na mlima mrefu, likipanda kwa kuguna. Wao walikuwa wepesi. Behewa la mwisho likakua. Likawa kama sanduku. Likawa kama nyumba. Kufuli la mlango wa nyuma likaonekana.

"Kibanio cha nywele, Bibi!"

Akakipata. Akakiuma kwa meno. Na kigari kilipolikaribia behewa, Kiberenge akajirusha.

Hewani hakuna kiwete, msomaji. Hewani kila mtu anahitaji kitu kimoja tu, mahali pa kushika. Mkono wa kulia ukashika ngazi ya chuma. Wa kushoto ukafika. Miguu yake ikapepea nyuma kama mikia miwili ya kishada, na akajivuta mpaka kwenye kibaraza cha behewa, pale penye gurudumu la breki. Akatoa kibanio. Kufuli lilikuwa la serikali, la zamani, na lilimfungukia bila hata kuuliza jina.

Mlango ukafunguka. Ndani, pingu mikononi, wino wa chapa bado kwenye kucha, alikaa dada yake.

Walitazamana.

"Umechelewa," alisema dada.

"Nilikuwa nimefungiwa."

"Mbona umejaa masizi?"

"Nilikuwa nalipuliwa. Lete mikono." Pingu zikaanguka. Dada akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akakiweka begani kwake, na kwa muda mfupi hakuna aliyesema maneno ya mzaha. Kisha akamsukuma. "Unanuka baruti. Mbele kuna askari, behewa linalofuata. Wakigeuka tumekwisha."

Dada alikuwa bado anasema alipotambaa hadi mlango wa mbele, akausukuma, akainama juu ya maungio, na garimoshi lilipolegea kidogo kwenye kona akaing'oa pini kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta mtambo wa chapa. Minyororo ikalia. Mbele, askari mmoja akageuka, akafungua mdomo. Garimoshi likaenda na mdomo wake wazi. Behewa likabaki, likiendelea kupanda kwa mwendo lililokuwa nao, taratibu, kila dakika taratibu zaidi.

Bibi Gavana alikuwa ameshapanda ngazi. Akaingia akihema. Na hapo, kwenye kona ya giza ya behewa, akaona mgongo wa mfungwa mwingine. Kimo kile kile. Mabega yale yale. Kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa.

"Mume wangu!" Akamrukia, akamkumbatia kwa nyuma, akakibusu kipara. "Mume wangu, nilijua u hai! Nilijua kwamba yule ni kinyozi!"

Mfungwa akageuka kwa aibu kubwa.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Ni mimi kinyozi."

Bibi akamwachia kama chungu cha moto.

"Wamenyoa nywele zangu zote," kinyozi alisema, akipapasa kichwa. "Mimi! Kwa wembe butu! Niliingia chumbani kwa Mheshimiwa na maji yangu ya uvuguvugu. Kitandani hapakuwa na mtu. Dirishani alisimama mwanamume, amevaa koti la Mheshimiwa, ndevu za kubandika mkononi. Akaniambia, 'Wewe umekuja wakati mbaya.' Basi."

"Sasa yule aliyeko ngomeni," Kiberenge aliuliza, "kama si Gavana, na si kinyozi, ni nani?"

Magurudumu yalikuwa yakigonga reli polepole sasa. Dada yake alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Mdogo wangu, kaa chini kwanza."

"Nimekaa tangu nizaliwe, dada. Sema."

"Alikuja kunihoji mahabusu. Peke yake. Akakaa mbali, kwenye kivuli. Wakati anatoka alisema, 'Ungenyamaza, Kiroboto, yasingekufika haya.'"

"Kiroboto?"

"Mtu mmoja tu duniani alikuwa akiniita Kiroboto. Wewe ulikuwa hujaota hata meno. Mama alituambia alichukuliwa na mto, nasi tukaamini, tukakua." Akamshika mkono. "Ni baba."

Kiberenge alicheka. Kisha aliona kwamba dada yake hacheki, na kicheko kikaondoka taratibu, kama behewa lile.

"Baba. Anayekutuma wewe machimbo ya chumvi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akafunga mlango. Halafu akaufungua tena kidogo, akaniuliza jambo moja. Alisema, 'Yule mdogo, aliwahi kutembea?'"

Nje upepo ulikuwa umetulia. Kinyozi aliacha kupapasa kichwa chake.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hajawahi. Nikamwambia hajawahi kuona sababu."

Behewa likasimama.

Lilisimama kabisa, katikati ya mlima, ndege wakasikika. Kisha chini yao chuma kikaguna, na mlima ukaanza kuwarudisha nyuma. Kwanza kama mtu anayevutwa shati. Kisha haraka zaidi. Kigari cha mafundi wa njia kikasukumwa mbele yao kikipiga kelele. Kule bondeni stesheni ilionekana ndogo kama kiberiti, na juu ya jukwaa lake makoti mekundu ya askari yalikuwa yakijipanga, na katikati ya makoti yale kulikuwa na mtu mmoja ambaye kifua chake kilimeremeta kwa nishani.

"Breki!" dada alipiga kelele. "Kiberenge, breki iko hapo ulipo! Funga!"

Kiberenge alikuwa ameshajivuta mpaka kibarazani. Alilishika gurudumu la breki kwa mikono yake yote miwili, ile mikono iliyokuwa imesukuma, imefungua na imeshika kila kitu siku ile. Akamtazama mtu wa nishani aliyekuwa akikua kila sekunde.

Akaliachia.

"Acha," alisema. "Ameuliza kama natembea. Ngoja ajionee mwenyewe."